Taa ya Baiskeli: Uliza Betri Kabla ya Kuuliza Mwanga

FUNDI ANAJIBU

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kiberege. Napeleka ndizi kwa baiskeli soko la Ifakara, natoka nyumbani saa tisa na nusu usiku ili nifike kabla wachuuzi hawajapanga meza. Tangu mwaka jana nimenunua taa tatu za kuchaji. Ya kwanza iliandikwa lumeni 10,000, ikadumu miezi miwili. Ya pili ni tochi yenye plagi nyuma. Sasa hata nikiichaji usiku kucha inawaka dakika kumi tu. Ya tatu inawaka vizuri lakini kishikio kimekatika, naifunga kwa kamba na inageuka kuangalia chini kila nikipita kwenye matuta. Naomba unitajie taa moja imara, niinunue niondokane na mateso haya.*

*Msomaji, Kiberege*

Marahaba, mwanangu. Barabara hiyo naijua. Kabla sijafungua kibanda changu hapa Kibaoni nilibeba kambale na perege wa Mto Kilombero kwa miaka 9, nikiwapeleka hadi Mang'ula kwa baiskeli ya Phoenix, na sehemu kubwa ya safari ilikuwa gizani kwa sababu samaki hamsubiri mtu jua likishachomoza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitakujibu kwa urefu.

Jina la taa sitakutajia. Nimewahi kufungua hapa kibandani taa mbili zenye jina moja, rangi moja na boksi moja, zilizonunuliwa maduka mawili tofauti. Ndani ya moja kulikuwa na betri nzuri na kipande kizito cha alumini cha kupoza joto. Ndani ya nyingine kulikuwa na nyaya mbili nyembamba kama uzi na betri nyepesi kama kiberiti. Jina halikunisaidia kuzitofautisha. Mzani ndio ulionisaidia. Kwa hiyo nitakufundisha kupima, na utakachopima ukakiridhia, hicho nunua, kiwe na jina lolote.

Taa zako tatu zimeugua magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina la kukufundisha.

Tuanze na ile ya lumeni 10,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Taa nzuri ya LED inakupa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja ya umeme, nyingine zaidi kidogo. Sasa ifikirie betri iliyomo ndani ya taa nyingi za baiskeli, ile ya mviringo inayofanana na betri ya redio ndogo lakini nene na ndefu zaidi. Mafundi tunaiita 18650. Hilo si jina la kampuni, ni kipimo chake: unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ina volti 3.7, na iliyo nzuri hubeba mAh 3,000 hadi 3,500. mAh 3,000 ni ampia-saa 3. Zidisha 3 kwa 3.7, unapata wati-saa 11. Hilo ndilo dumu lako la maji, hakuna jingine la akiba. Taa ya lumeni 10,000 ingekunywa wati 100, yaani dumu lingekauka kabla ya dakika 7 kwisha, na ganda lake lingekuwa la moto usiloweza kulishika. Taa yako haikuwa na lumeni 10,000 hata siku ulipoitoa kwenye boksi.

Uongo huohuo huandikwa kwenye betri. Ukikuta 18650 imeandikwa mAh 9,900, au 6,800, irudishe mezani, kwa sababu hakuna 18650 inayobeba kiasi hicho. Kuna nyingine nene kidogo, ya milimita 21 kwa 70, inaitwa 21700, hiyo inafika mAh 5,000 kweli. Mzani wa kupimia dhahabu au viungo utakutosha kujua ukweli: 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50. Niliwahi kuletewa moja yenye gramu 28. Nilipoichana ganda nikakuta betri ndogo katikati, na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe. Kijana aliyeileta alikuwa ametoa pesa ya siku mbili za kazi. Mambo haya yananiuma, kwa sababu anayedanganywa si mtu wa matembezi, ni mtu wa kutafuta riziki gizani.

Utauliza, sasa ninunue ya lumeni ngapi? Kwa safari yako, lumeni 300 za kweli zinakutosha. Hesabu yangu ni hii. Ukienda kilomita 20 kwa saa, kila sekunde unakula mita tano na nusu. Ukiliona shimo, sekunde nzima inapita kabla mkono haujabana breki. Kisha breki zile za vyuma, rimu ikiwa na umande na keria ina mikungu minne, zitahitaji mita 10 nyingine au zaidi kukusimamisha. Kwa hiyo lazima uone vizuri mita 20 hadi 25 mbele yako, na lumeni 300 zilizokusanywa vizuri na kioo zinafika huko. Lumeni 300 ni wati 3. Gawa 11 kwa 3, unapata zaidi ya saa tatu na nusu. Safari yako ni kama saa moja na nusu. Hiyo ziada si ya anasa. Ni ya siku ya pancha, na ni ya uzee wa betri, maana betri ya lithiamu, kama hiyo 18650, ikishachajiwa mara 500 hivi huwa imepoteza kama moja ya tano ya uwezo wake.

Sasa tochi yenye plagi nyuma. Ile ndani yake ina betri ya risasi na tindikali, ndugu wa betri ya gari, ndogo ya volti 4 iliyofungwa kwenye kiboksi cha plastiki. Wengi hudhani imeuawa na kuchajiwa mno. Mara nyingi imeuawa na kukaa tupu. Ukiitumia hadi ikafifia, kisha ukaiweka siku nne kwa sababu umeme ulikatika au hukwenda sokoni, salfeti inaganda kwenye sahani zake za risasi, na ikishakuwa ngumu hairudi. Kila ukichaji, nafasi ya kuingiza umeme imepungua. Tochi ya namna hiyo ni ya kutundika ukutani nyumbani na kuchomekwa kila siku. Ukiona taa ni nzito kuliko ukubwa wake na ina plagi ya miguu miwili inayochomoza mgongoni, ujue ni hiyo, na usiipandishe kwenye baiskeli.

Lithiamu tabia yake ni kinyume. Haiumii ikikaa nusu. Kinachoiumiza ni joto, na zaidi joto ikiwa imejaa. Hapa kwetu watu huchaji kwa sola na taa wanaiacha juu ya bati karibu na paneli mchana kutwa. Huko ni kuikaanga. Vuta waya uingie ndani, taa ikae kivulini. Ikiwa msimu wa ndizi umekatika na hutoki kwa mwezi mzima, iache ikiwa na nusu ya chaji. Na betri yoyote ya lithiamu iliyovimba, au inayochemka ikichajiwa, itoe nje ya nyumba wanakolala watoto, usiichaji tena hata mara moja.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako, mwanangu. Taa imara ya kuchaji ni ile ambayo betri yake unaweza kuitoa kwa mkono na kuweka nyingine. Taa nyingi zinazouzwa sasa zimegandishwa kwa gundi. Betri ikichoka baada ya mwaka na nusu unatupa kioo kizima, LED nzima, ganda zima. LED yenyewe, isipochemka kupita kiasi, itawaka miaka na miaka. Mimi taa ninayotumia sasa ina miaka 6. Betri nimebadili mara mbili. Inafunguka nyuma kwa kuzungusha kifuniko, na ndani inakaa 18650 moja. Ninayo ya pili nimeifunga kwenye kipande cha tyubu, inakaa mfukoni, ile ya kwanza ikizima nabadili kwa dakika moja. Ukinunua ya aina hiyo hutamtegemea muuzaji tena, utategemea betri, na betri zinapatikana. Hata zile zinazotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa hufaa nyingine, lakini mpelekee fundi mwenye mita azipime kwanza: iliyoshuka chini ya volti 2.5 muda mrefu usiikubali, hata akikupa bure.

Kuna jambo la kuangalia ambalo mimi lilinigharimu. Taa yangu ya kwanza ya kuchaji ilikuwa na mwanga uleule tangu mwanzo wa safari, haufifii, nami nikaona ndio ubora. Usiku mmoja wa masika nilikuwa natoka Mang'ula na matenga matupu. Kwenye mteremko unaoingia kalavati taa ikazima ghafla, kama mshumaa uliopulizwa. Haikutoa dalili. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa zege, nikavunjika mtulinga. Wiki 6 mke wangu ndiye aliyekuwa ananifunga vifungo vya shati, na wanangu wawili walikosa ada ya muhula ule. Tangu hapo sinunui taa isiyo na alama ya chaji unayoiona ukiwa umekaa juu ya baiskeli, nukta ya kijani inayogeuka nyekundu, au vinukta vinne vinavyopungua. Na nataka taa ambayo betri ikikaribia kwisha inashuka yenyewe kwenye mwanga mdogo na kukaa hapo nusu saa au zaidi, ili nifike kwa mwendo wa pole.

Na ukisoma kwenye boksi kwamba inawaka saa 6, usishangae ukipata saa mbili za mwanga wa maana. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi, kinaitwa FL1, kinahesabu muda hadi mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa mwanga wa asilimia 10 unamwona nzi kwenye usukani, shimo hulioni.

Njia yangu ya kupima ni rahisi. Muombe muuzaji akukubalie kuirudisha kesho yake. Asiyekubali, hama duka. Ichaji ijae. Usiku iwashe kwenye mwanga wa kati, iweke mbele ya feni, au dirishani penye upepo, kwa sababu njiani upepo unaipoza. Tazama saa. Baada ya dakika 20 ishike: ganda likiwa la joto, ni vizuri, maana joto linatoka nje kupitia alumini. Likiwa baridi kabisa na kioo ndicho kinachounguza, joto limefungiwa ndani na LED itaungua. Kisha subiri uone inazima lini. Andika muda huo kwenye karatasi, uubandike ndani ya boksi. Baada ya mwaka rudia. Muda ukiwa umefika nusu, ni wakati wa betri mpya.

Kuhusu maji sina mengi. Tafuta alama ya IPX4 au zaidi. Hiyo 4 maana yake inavumilia maji ya kurushwa kutoka kila upande, yaani mvua yetu ya kawaida. IPX7 inavumilia kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Lakini alama hiyo inategemea kile kimpira kinachofunika tundu la chaja, na ndicho hukatika kwanza. Kikikatika, kata kipande cha tyubu upana wa vidole viwili, kivishe taa kama mkanda juu ya tundu. Kinafanya kazi vizuri.

Taa yako ya tatu haijafa, usiitupe. Vishikio vingi vimetengenezwa kwa usukani mnene wa baiskeli za siku hizi, milimita 31.8. Usukani wa Phoenix, Avon au Hero ni mwembamba, karibu na mikono ni milimita 22 tu. Ukikaza bolti hadi plastiki ishike chuma chembamba, plastiki inajipinda kila siku na kwenye kokoto inakatika. Zungushia usukani mpira wa tyubu hadi unene utoshe, ndipo ufunge kishikio bila kukikaza kwa nguvu. Mpira huo pia unameza mtikisiko. Ila kwa baiskeli yako nina pendekezo bora. Mbele ya shingo ya fremu, juu ya uma, kuna kibamba cha chuma kilichosimama. Wengi wanatundikia mfuko. Kiliwekwa hapo tangu mwanzo kwa ajili ya taa. Peleka taa kwa mchomeleaji akutengenezee pete ya bati la milimita 2 yenye bolti mbili, uvishe mpira ndani, uifunge hapo. Nimefunga nyingi hivyo na haigeuki kuangalia chini.

Kukaa chini hivyo kuna faida nyingine. Vijana wengi wanavaa tochi ya kichwani. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, kivuli cha shimo kinajificha nyuma ya ukingo wake na shimo linaonekana kama barabara tambarare. Mwanga ukitoka chini ya macho, shimo lina kivuli cheusi, tuta lina mgongo, nawe unavisoma. Asubuhi zenye ukungu wa bondeni ndiyo zaidi, tochi ya kichwani inakuwekea ukuta mweupe usoni. Ya kichwani ibaki mfukoni kwa ajili ya pancha. Tena, ukigeuka kumtazama anayekuja umemmulika machoni, na mtu aliyemulikwa machoni anakuja kukugonga bila kukusudia.

Kwa hiyo ielekeze chini. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, uwe na mzigo wako wa kawaida kwenye keria kwa sababu mzigo wa nyuma unainua mbele. Katikati ya mwanga kwenye ukuta pawe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe, kama upana wa kiganja. Ukiwa njiani mwanga utaangukia mbali vya kutosha, na mama anayekuja na ndoo kichwani hatalazimika kuziba macho.

Nyuma yako weka taa nyekundu ndogo na kiakisi, na ukikosa pesa ya vyote viwili, nunua kiakisi leo. Hakili chaji. Kifunge chini ya keria, kwenye madigadi, si juu ambako mikungu itakifunika. Madereva wa malori ya miwa na wa mpunga wanapita barabara hiyo usiku uleule unaopita wewe, na wao ndio ninaowaogopa kuliko tembo wa Udzungwa.

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Sengerema. Marehemu baba aliniachia Phoenix yenye dainamo inayosuguana na tairi. Taa ya mbele inawaka mwanga wa njano hafifu na balbu zinaungua mara kwa mara. Mume wangu anasema niitoe nifunge taa ya kuchaji. Nasita kwa sababu ni kumbukumbu ya baba. Je, inafaa kitu?*

*Mwalimu, Sengerema*

Nzuri, Mwalimu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Usiitoe. Umeme wa hiyo dainamo ni volti 6 na wati 3: wati 2.4 za balbu ya mbele na 0.6 za nyuma. Haitaki umeme wa nyumbani, haitaki sola, na haiibwi kirahisi. Udhaifu wake unaujua: ukisimama giza linaingia, na tairi likiwa na tope kigurudumu chake kinateleza.

Balbu zinaungua kwa sababu zinasaidiana mzigo. Ile ya nyuma ikikata waya wake, umeme wote unakwenda mbele, ukishuka mlima kwa kasi nayo inaungua. Nimebadilisha balbu za namna hiyo hadi nikachoka. Angalia kwanza waya wa nyuma, hasa pale unapogusa fremu. Kutu ikikaa hapo ni sawa na balbu iliyokatika. Piga msasa, kaza nati.

Mwanga hafifu ndio unaoweza kubadilika sana. Wati 2.4 katika balbu ya waya sehemu kubwa inageuka joto. Wati hizohizo katika LED zinakupa lumeni 200 na zaidi, na kwa barabara ya shule zinatosha. Ila usiifunge LED moja kwa moja. Dainamo inatoa umeme unaokwenda na kurudi, LED inataka unaokwenda upande mmoja. Mpelekee fundi redio, mwambie akuwekee daiodi nne za kunyoosha umeme, kapasita moja kubwa ya kutuliza kumetameta, na kitu cha kuzuia volti zisipande mno ukishuka kilima. Ganda la taa la chuma alilotumia baba yako libaki lilelile, LED iingie ndani yake. Vifaa hivyo vinauzwa popote redio zinapotengenezwa.

Kwa sababu ya kusimama, ongeza taa ndogo ya kuchaji ya kuvalisha kwenye usukani, hata ya lumeni 50, ya kukuonyesha kwa wengine unaposubiri kuvuka. Na kigurudumu cha dainamo kikiwa kimesagika laini, kivishe kofia ya mpira; ukiikosa dukani, kata shingo ya kiatu cha mpira ya upana unaolingana, uinyooshe juu yake. Mume wako mwambie fundi anamsalimu, na kwamba dainamo inabaki.

*Mzee wetu, shikamoo. Mimi nasoma Leipzig, Ujerumani. Nakuja likizo Desemba na nataka kumletea kaka taa ya baiskeli, anafanya kazi ya ulinzi na anarudi usiku. Huku taa zinaandikwa lux badala ya lumeni, na zina alama ya herufi K yenye namba. Je, zitafaa nyumbani, au nimletee ile yenye mwanga mkubwa kabisa?*

*Msomaji, Leipzig*

Marahaba, na asante kwa kumkumbuka kaka yako. Mletee yenye alama ya K. Hiyo K, pamoja na mstari wa mawimbi mbele yake, ina maana taa imepimwa na kuruhusiwa kwa barabara za Ujerumani, na sheria yao ni kali: taa ya mbele lazima itoe angalau lux 10 ikipimwa mita 10, na mwanga wake lazima uwe na ukingo juu, ili usipande machoni mwa anayekuja. Hadi mwaka 2013 walikuwa wanang'ang'ania dainamo. Tangu hapo taa za betri zinaruhusiwa pia, ndiyo maana sasa unaziona kila duka.

Lumeni inakuambia taa inamwaga mwanga kiasi gani kwa jumla. Lux inakuambia mwanga unaofika mahali fulani ni kiasi gani. Kwa baiskeli lux ina ukweli zaidi, kwa sababu taa inaweza kumwaga mwanga mwingi juu ya miembe na barabara ikabaki na giza. Ya lux 40 hadi 60 itamtosha sana kaka yako. Ile yenye mwanga mkubwa kabisa itampofusha kila anayekutana naye kwenye njia nyembamba, tena itakula betri.

Uliza dukani kama betri inatoka. Zipo za K zinazotumia betri za kawaida za kuchaji zenye ukubwa wa zile za redio ndogo, na hizo ndizo ningechagua mimi, maana hata akiishiwa chaji anaweza kuweka za kawaida za dukani akafika kazini. Ikiwa betri yake imegandishwa ndani, angalau tundu la chaja liwe lilelile la simu yake. Betri za akiba za lithiamu usiziweke kwenye sanduku la mizigo. Kwenye ndege zinaruhusiwa mkobani tu, na ncha zake zizibwe kwa gundi ya karatasi zisigusane.

Kabla hujanunua muulize kaka unene wa usukani wake, kwa sababu vishikio vya huko vingi ni vya usukani mnene. Hana haja ya kipimo cha fundi. Azungushe uzi mara moja mahali taa itakapokaa, aulaze kwenye rula, akutumie huo urefu kwa simu. Wewe ugawe kwa 3.14.